Nimemaliza kitabu cha tano, wahusika hawaondoki. Naomba ushauri

Wino Mzito: Wakuu, salaam. Nimefunga mfululizo wangu wa riwaya, vitabu vitano. Kwa miaka tisa nimekuwa na watu walewale sita kichwani. Kazi imekwisha, lakini nikikaa mezani mkono unawarudia. Nikianza hadithi mpya, mhusika mgeni akifungua mdomo tu, anaongea kama Sanura wa kitabu cha kwanza. Wahusika huagwaje? Naombeni ushauri, kejeli baadaye.

Kalamu Butu: Wapangaji sita, miaka tisa, kodi sifuri. Wape notisi.

Bibi Nukta: Kwenye sauti pana dawa. Chukua kurasa tatu za mazungumzo ya Sanura, uzichambue kwa kalamu nyekundu: sentensi zake zina maneno mangapi, neno gani halimtoki mdomoni, akiulizwa hujibuje. Ukipata tabia kumi, mhusika mpya mpige marufuku zote kumi kwa sura tatu za mwanzo. Kama Sanura hujibu swali kwa swali, huyu ajibu moja kwa moja au anyamaze. Wengi hubadilisha jina na kazi, wakaacha pumzi ya sentensi ileile. Na kama mfululizo ulikuwa nafsi ya kwanza, kazi mpya ianze nafsi ya tatu.

Msomaji Mkali: Mnazunguka. Mhusika huagwa kwa kuuawa, na ukiua onyesha maiti. Conan Doyle alimtosa mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko mwaka 1893 bila mtu kuuona mwili. Mwaka 1903 akamrudisha hai. Mlango aliuacha wazi mwenyewe. Agatha Christie alikuwa na akili zaidi: kitabu cha mwisho cha mpelelezi wake Poirot alikiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kikatoka 1975. Kwaheri iandikwe mapema, mkono ukiwa bado haujalegea. Waandishi wa siku hizi hamna nidhamu.

Mpiga Chapa: Mleta uzi, "nimefunga" maana yake nini? Rasimu, kimetoka kwa mhariri, au kimeshapangwa kurasa?

Wino Mzito: Kimepangwa. Kurasa 320. Prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, ninazo hapa.

Mpiga Chapa: Unasahihisha au unaandika?

Wino Mzito: Nimeongeza kidogo kwenye hitimisho.

Mpiga Chapa: Kidogo ni kurasa ngapi?

Wino Mzito: Lilikuwa na kurasa 4. Sasa 31. Jamani, hata yule mzee wa kivuko alistahili kuagwa! Mhariri bado hajui. Nitamwambia, ila uamuzi nimeshafanya.

Kalamu Butu: Kumbe notisi wamepewa, wao wanaongeza vyumba.

Mpiga Chapa: Ugonjwa ndio huo, si Sanura. Kama kinachapwa kwa mikunjo, yaani karatasi kubwa moja inakunjwa kuwa kurasa 16, 320 ni mikunjo 20 kamili. Ukiongeza 27 unafika 347, kwa hiyo inahitajika mikunjo miwili zaidi: 352, na kurasa tano zinabaki tupu. Mgongo wa kitabu unanenepa, jalada lililokwisha kupimwa halikai tena, jina linahamia pembeni. Prufu ni ya kukamata herufi iliyoanguka, mstari uliorukwa, namba ya ukurasa iliyokosewa. Isitoshe, kurasa hizo 27 hakuna mhariri aliyezisoma. Na soma mkataba wako: mingi humtoza mwandishi mabadiliko ya prufu yakizidi kiasi.

Wino Mzito: Lakini kila kipande kinafunga jambo.

Bibi Nukta: Jambo lililofunguliwa sura ya ngapi? Andika namba ya sura pembeni ya kila kipande. Kisichopata namba ni chako, si cha msomaji. Usikifute: kihamishie faili jingine, andika tarehe, usikihariri. Kisha kamilisha daftari la mfululizo: umri, makovu, nani anajua siri ya nani, na ukurasa wa kila kitu. Mfasiri atalihitaji, na toleo jipya pia.

Chai Rangi: Hii ni chai, tena ya moto. Mtu kajiunga leo, kaja na vitabu vitano visivyo na majina. Wiki ijayo utasikia "kitabu kipo sokoni". Kama ni kweli, tutajie kosa moja la mwendelezo. Hakuna mfululizo usio na kosa.

Bibi Nukta: Kipimo kizuri.

Wino Mzito: Kitabu cha kwanza, Sanura ana kovu kiganja cha kushoto. Cha tatu, anakunja ngumi ya kulia na kovu "linavuta". Msomaji akaliona. Toleo la pili nikabadilisha "kulia" kuwa "kushoto", nikasahau kwamba kwenye aya hiyohiyo taa ameishika kwa kushoto. Mpaka leo ana mikono miwili ya kushoto.

Chai Rangi: Nafuta kauli. Hilo halitungiki.

Msomaji Mkali: Bado nasema muue.

Wino Mzito: Nimeweka namba za sura. Vipande viwili tu vimepata, na vyote vilikuwemo kwenye zile kurasa 4 za mwanzo. Zilizobaki nimezihamisha. Ila nimebakiza aya moja ya Sanura, mistari sita, mwisho kabisa. Hiyo siitoi.

Mpiga Chapa: Ukurasa wa 320 una nafasi ya mistari mingapi?

Wino Mzito: Saba.

Mpiga Chapa: Mpelekee mhariri aisome. Ikipita kwake, kwangu imepita.