Excel: mishale inasogeza karatasi nzima badala ya kuhama seli

karani_hesabu
Habari wadau. Laptopu ni HP, Windows 11, Excel ya Microsoft 365. Nikibonyeza mshale wa chini karatasi yote inasogea, lakini seli iliyochaguliwa inabaki palepale. Kisanduku cha jina juu kushoto kinasoma B7 tu. Kwenye Word mishale inafanya kazi. Kitufe cha Scroll Lock (kinachofanya mishale isogeze karatasi badala ya seli) sikioni kwenye mashine hii. Pia Ctrl+End inanirusha hadi mstari wa 1,048,576 wakati data inaishia mstari wa 412. Nifanyeje?

mtaa_wa_pili
Zima, washa. Itarudi.

seli_A1
Kuwasha upya mara nyingi huondoa Scroll Lock kweli, mkuu, ila kesho kidole kikigusa tena mchanganyiko uleule utarudi hapahapa.

Kwanza hakikisha ugonjwa ndio huo. Bofya kulia upau wa chini kabisa wa Excel (ule wenye neno Ready), kwenye orodha weka tiki kwenye Scroll Lock. Ikiwa imewashwa, maneno hayo yatatokea kwenye upau. Acha tiki hiyo moja kwa moja, haina gharama.

Kuizima bila kitufe: bonyeza Windows+Ctrl+O, kibodi ya kwenye skrini itafunguka. Bofya ScrLk, rangi ikiondoka umemaliza. Kwa kuwa ni HP, jaribu pia Fn+C, inakubali kwenye modeli nyingi. Dell nyingi ni Fn+S, ThinkPad nyingi ni Fn+K. Inawezekana ulibonyeza moja ya hizo ukitaka kunakili na Ctrl, kidole kikaangukia Fn iliyo jirani. Ukiwa na kibodi ya USB yenye ScrLk, ichomeke uibonyeze: kwenye Windows hali hiyo ni moja kwa kibodi zote.

Ukishasogeza karatasi mbali na huoni tena seli yako, Ctrl+Backspace inakurudisha ilipo.

mizania
Niongeze, maana watu huilaumu Scroll Lock hata pasipo kosa lake. Tazama kisanduku cha jina na upau wa chini kwa pamoja.

Mshale ukipanua eneo lililochaguliwa badala ya kuhama, umegusa F8. Upau utaandika Extend Selection, bonyeza Esc. Mshale ukiruka hadi mwisho wa data kwa mguso mmoja, umegusa End, na upau utaandika End Mode. Bonyeza End tena.

Ukiwa ndani ya seli, kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Ukianza kuandika upya, upau unasema Enter, na mshale unamaliza uandishi na kuhamia seli nyingine. Ukiingia kwa F2 unasema Edit, na mshale unatembea kati ya herufi. Ukiwa kwenye fomula baada ya alama kama + au mabano, unasema Point, na mshale unachomeka anwani ya seli ndani ya fomula. Hii ndiyo inayoharibu kanuni kwenye kisanduku cha Conditional Formatting (kupamba seli kwa masharti): unataka kurudi nyuma herufi moja, fomula inajaa $C$4 zisizotakiwa. Dawa ni F2 kabla ya kugusa mshale.

F2 ikipunguza mwanga badala yake, tumia Fn+F2. Kwenye Lenovo na Dell nyingi Fn+Esc hugeuza tabia hiyo ya vitufe vya F, ibaki hivyo hadi uibonyeze tena.

seli_A1
La Ctrl+End sasa. Excel inakumbuka mpaka wa eneo lililotumika, na rangi au mipaka ya mistari iliyopakwa hadi chini inahesabiwa kama matumizi. Kuchagua mistari na kubonyeza Delete hakusaidii, kwani kunafuta yaliyomo tu na kuacha mapambo. Fanya hivi: chagua mstari wa 413 kwa kubofya namba yake, bonyeza Ctrl+Shift+Mshale wa chini, kisha Ctrl na alama ya kutoa ili mistari iondoke kabisa. Hifadhi faili, ndipo ujaribu Ctrl+End. Mara nyingi faili nalo linapungua uzito. Tengeneza nakala kwanza, hasa kama karatasi nyingine zina fomula zinazoelekea huko chini.

mizania
Na akikuta Ctrl+Mshale wa chini unapita seli zinazoonekana tupu bila kusimama, atazame kama ndani yake kuna fomula inayorudisha "" (maandishi matupu). Kwa macho ni tupu, kwa Excel si tupu.

karani_hesabu
Fn+C imefanya kazi, mishale imetulia. Ctrl+End sasa inasimama mstari wa 412. Ila Enter inakwenda kulia badala ya chini, nayo ni Scroll Lock?

seli_A1
Hapana. File, Options, Advanced. Chini ya kisanduku cha After pressing Enter chagua Down. Ukiwa humohumo, teremka mwisho kabisa uangalie kama Transition navigation keys ina tiki. Ni mabaki ya zama za Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya majedwali: ikiwa imewashwa, Home inakurusha A1 na Ctrl+Mshale wa kulia unasogea kurasa. Ondoa.