Kwa nini "Did you went?" si sahihi ilhali jambo lilitokea jana?

Swali

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Tanzania, na wengi wa wanafunzi wangu wametoka shule za msingi walikofundishwa kwa Kiswahili. Wakiuliza kuhusu jana huandika "Did you went to the market?" na "Did she bought salt?", wakiuliza kuhusu mazoea huandika "Does he goes?" Nikiwasahihisha, huniuliza jambo linalostahili jibu: ikiwa safari ilikwisha kufanyika, kwa nini kitenzi "go" kisioneshe hivyo? Kuwaambia kwamba ndiyo kanuni hakuwatoshi, wala mimi hakunitoshi.

Jibu la 1

Mwalimu, wanafunzi wako hawabahatishi, bali wanafuata mantiki ya Kiswahili. Sisi tukitumia kitenzi kisaidizi, vitenzi vyote viwili hubeba alama: katika "ulikuwa unakwenda wapi?" nafsi imo katika "ulikuwa" na imerudiwa katika "unakwenda", na kila kimoja kina kiambishi chake cha wakati, "li" na "na". Kiingereza hakirudii. Wakati huoneshwa mara moja tu, kwenye kitenzi kinachotangulia, na vinavyofuata haviuoneshi tena. Katika "You went" hakuna kisaidizi, kwa hiyo wakati uliopita umo ndani ya "went" yenyewe, ukiuliza, "did" huingia na kuuchukua, na kitenzi kikuu hurudi kwenye umbo lake la msingi: "Did you go?" Vivyo hivyo, alama ya nafsi ya tatu umoja iliyomo katika "he goes" huhamia kwenye "does", tukapata "Does he go?"

Waandike kwanza sentensi ya taarifa, wapigie mstari alama ya wakati, kisha waihamishe. Usianze na "put" wala "cut", kwa kuwa umbo lao la wakati uliopita halitofautiani na la msingi, na mwanafunzi hataona kilichohama. Kitenzi "read" nacho kisomwe kwa sauti: katika "Did you read it?" hutamkwa "riid", na anayekosea hapo husikika ingawa maandishi yake hayana kasoro.

Jibu la 2

Naafiki, lakini kuna kanuni inayokaririshwa ambayo naipinga kabisa: kwamba baada ya kisaidizi chochote hufuata umbo la msingi. Hilo ni kweli kwa "do", "does" na "did", na kwa visaidizi kama "can", "will", "must" na "should". "Have" hudai umbo la tatu, yaani "Has she gone?", wala si "Has she go?" au "Has she went?" "Be" hudai kitenzi chenye "ing", kama "Are they coming?", au umbo la tatu katika kauli ya kutendwa, kama "Was the letter written?" Mwanafunzi aliyekariri kanuni ile ataandika "Have you see him?" akiamini ametii.

Jibu la 3

Msisahau "who". Ikiwa kinachoulizwa ni kiima chenyewe, "did" haihitajiki na wakati hubaki kwenye kitenzi kikuu: "Who broke the window?" Ikiwa kinachoulizwa ni mtendwa, "did" hurudi: "Who did you see?"

Tena Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi daima. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, Yesu anamuuliza Petro "Lovest thou me?", kitenzi kikuu kikiwa kimetangulia pamoja na alama zake zote. Leo tungesema "Do you love me?" Wanafunzi wakubwa wakioneshwa hilo huelewa kwamba "do" ina kazi maalumu katika swali.

Mwuliza swali

Asanteni sana, zoezi la kuhamisha alama nitaanza nalo wiki ijayo. Nina shaka moja iliyobaki: tuandike "Did you used to live here?" au "Did you use to live here?"

Jibu la 1

Andikeni "Did you use to live here?", kwa kuwa "did" imekwisha kuuchukua wakati uliopita. Katika matamshi ya kawaida tofauti haisikiki, hivyo wafanyie imla mara kwa mara.