Marufuku ya moto malishoni: tunauzuia au tunauahirisha?

Kibuyu cha Ugogo: Wakuu tujadili hili bila matusi. Kila ikifika Mei, mikutano ya vijiji huku kwetu Dodoma wimbo ni ule ule, marufuku kuchoma, atakayekamatwa faini. Na kila Septemba milima inawaka. Mie naona marufuku haiui moto, inauhamisha tu kutoka Juni, majani yakiwa bado na unyevu na moto unatambaa chini, inaupeleka Septemba nyasi zimekauka kabisa na upepo wetu huu mnaujua, hapo unapanda mpaka matawini. Serengeti wanachoma mapema kwa mpango miaka yote. Hata Sheria ya Misitu ya 2002 haijakataza kila moto, kuna utaratibu wa kibali. Sasa kwanini kijiji chenye msitu wake kisichome vipande vyake mwezi wa sita, mchana kweupe, badala ya kusubiri mlina asali adondoshe kijinga cha moto?

Mama Mizinga: Haya, walina asali tena. Wachoma mkaa na wawindaji wao hawana viberiti eeh?

Ng'ombe Saba: Kaka, Serengeti na Bahi yetu hapa Dodoma wapi na wapi? Sisi mvua ni milimita 500 mpaka 600 hivi kwa mwaka, ikiisha Aprili ndo basi mpaka Desemba. Hizo nyasi kavu unazotaka kuchoma ndo chakula cha ng'ombe. Ukichoma Juni utapata machipukizi ya kulamba siku chache, Oktoba unawalisha nini, majivu? Wazee walikuwa na milaga, eneo linafungwa halikanyagwi mpaka kiangazi kikali, hawakuwa wajinga. Alafu kuna kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki vya miti yawe miti tena, watu tumepogolea visiki vimefika kiunoni, mche wa kiunoni hauulizi moto ni wa Juni au wa Septemba, unakufa tu.

Kibuyu cha Ugogo: Hapo kwenye milaga na visiki nakubali, visiguswe. Mie nasema kule milimani kwenye misitu ya miombo, nyasi zimesimama na ng'ombe hafiki.

Mkia wa Moto: Nimefanya kazi kwenye ranchi, tulikuwa tunachoma, wacha niseme kidogo. Watu wanadhani kuchoma ni kuwasha. Kuwasha ni kazi ya mwisho. Kwanza mnafyeka mkanda wa kuzuia moto na kukwangua mpaka udongo uonekane, kama nyasi ni ndefu mkanda uwe mpana zaidi. Umande ukishakauka mnawasha kipande kidogo mnaangalia moshi unalalia wapi, ukiwa unazunguka zunguka mnarudi nyumbani, hakuna aibu. Mnaanzia upande ule upepo unakoelekea, moto urudi polepole dhidi ya upepo ukiacha ardhi nyeusi, hiyo nyeusi ndo ukuta wenu. Ukianzia upande upepo unakotokea umewasha gari halina breki. Watu wanasimama kwenye mkanda na pampu za mgongoni na matawi mabichi, anayeamuru ni mmoja. Na balaa lenyewe linakuja mkishamaliza: mavi makavu ya ng'ombe na magogo yenye uwazi yanafuka mpaka kesho yake, saa nane mchana kisulisuli kinapita kinabeba cheche ng'ambo ya mkanda. Kwa hiyo mnalala pale pale. Nani kijijini atalala pale bila posho?

Mama Mizinga: Na mimi niambiwe mapema, nikafyeke chini ya miti yenye mizinga yangu. Mzinga wa gogo ukiungua unaungua na nyuki wake.

Mpita Kondoa: Mnasahau baada ya moto. Mkiingiza mifugo kabla nyasi hazijasimama, mvua ya kwanza inaondoka na udongo. Kondoa makorongo yalifika mahali mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanzishwa 1973, na 1979 mifugo ikahamishwa yote kwenye eneo lililoharibika. Mnataka kurudia? Na moto ukivuka shamba la mtu analipa nani, kijiji au aliyeshika kiberiti?

Kibuyu cha Ugogo: Alipe mwenye kibali, na jina lake libandikwe ofisi ya kijiji kabla ya siku yenyewe, ndo maana nataka kibali badala ya huu moto usio na mwenyewe. Ng'ombe Saba, milaga yako salama, lakini na wewe toa vijana sita wa kufyeka mkanda.

Ng'ombe Saba: Wanne. Na ugali juu yenu.