Naomba ushauri: binti yangu nimpeleke shule ya mfumo wa Steiner?

Baba Neema wa Goba
Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu ana miaka 9, darasa la tatu, shule ya kulipia hapa Dar. Kuna shule inafuata mfumo wa elimu wa Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria; wengine huuita Waldorf. Jumamosi nilikwenda kuiona. Watoto wanalima bustani, wanafuma, wanapiga filimbi. Somo kubwa la asubuhi linakwenda wiki tatu au nne mfululizo ndipo wanaingia jingine, na vitabu wanajiandikia na kuchora wenyewe. Mwalimu mmoja anaweza kupanda na darasa lake hadi miaka minane. Fimbo hakuna. Wiki nzima sijalala vizuri. Nimhamishe au nimwache alipo?

Msela wa Tandika
Filimbi! Mkuu, akimaliza tutamkuta daladala za Gongo la Mboto anaita abiria kwa noti za muziki 😂

Mama Watatu
Usihamishe mtoto kwa kuona bustani. Mimi kifungua mimba wangu nilimhamisha darasa la tano kwa sababu ya basi zuri la shule. Mtoto alikuwa anaamka saa kumi usiku, analala kwenye kiti, chakula anakiacha. Nilimrudisha alikotoka, lakini nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, tukaishia shule ya tatu. Sasa ana miaka 19 na bado ananikumbusha.

Mwl. Mstaafu
Wazazi wa leo mnataka mtoto asiguswe. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Mtoto anahitaji kusoma, si kufuma.

Dada wa Tanga
Mwalimu wangu, shikamoo. Lakini hata kanuni za serikali zinasema viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Wangapi wanafuata?

Kaka Mhasibu
Mtoa mada, umetuhadithia bustani yote lakini hujataja ada. Shule hizo si za bei ya chini. Nani analipa, na hadi lini?

Baba Neema wa Goba
Ada ipo, hilo lisikusumbue. Naomba tujadili mfumo.

Mcha Mungu
Mfumo nitakujibu. Huyo Steiner alifundisha habari za roho kurudi duniani mara nyingi. Chunguza imani kabla ya ada.

Mswahili wa Köln
Hayo ni kweli, japo shuleni hawayafundishi kama somo. Mimi niko Ujerumani na wanangu wawili wamepita huko. Walipenda sana. Ila mzazi mweusi ajue na hili: Steiner aliandika mambo ya dharau juu ya watu weusi. Mwaka 2007 umoja wa shule hizo Ujerumani ulitoa tamko Stuttgart la kukataa ubaguzi. Mimi niliwauliza walimu ana kwa ana. Na wewe waulize, uone kama wanakwepa.

Kaka Mhasibu
Narudia. Nani analipa, hadi lini?

Baba Neema wa Goba
Sawa. Mimi ni dereva. Bosi wangu, mama wa Kizungu, amejitolea kulipa. Mkataba wake wa kazi hapa nchini unaisha Juni mwakani. Na mtoto nimeshamtoa, leo wiki ya pili yuko nyumbani. Alikuwa anapigwa rula kwenye vidole kwa kusoma polepole, akaanza kukojoa kitandani. Mlitaka nisubiri nini? Shule ya kwanza ya mfumo huu ilifunguliwa Stuttgart 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, mwenye kiwanda Emil Molt ndiye aliyemwomba Steiner aianzishe. Ilikuwa ya watoto wa vibarua! Kwa nini leo mtoto wa dereva aonekane amepotea njia?

Kifaru Mpole
Chai hii. Dereva gani anajua Stuttgart 1919 na jina la mwenye kiwanda? Wakuu, hili ni tangazo la shule. Subirini, kesho atabandika namba ya simu.

Msela wa Tandika
Chai ya maziwa kabisa. Nilihisi tangu filimbi.

Njoro wa Rongai
Hata kama ni tangazo, shule za namna hii huku Kenya si ngeni. Mbagathi, pembeni ya Mbuga ya Nairobi, ipo tangu 1989. Binamu yangu alisomea mfumo huo. Alipohamia shule ya kawaida, muhula wa kwanza mitihani ya kila wiki ilimliza. Insha aliwashinda wote.

Baba Neema wa Goba
Kifaru, nasubiri bosi kwenye maegesho saa sita kwa siku. Simu ninayo, kusoma najua. Shule sijaitaja na sitaitaja. Jana usiku mtoto hakukojoa. Ni usiku wa nne.

Dada wa Tanga
Kaka, pole. Mimi nakuamini. Mwambie Neema hongera.

Kaka Mhasibu
Pole kaka. Sasa angalia kalenda. Mwakani yuko darasa la nne. Upimaji wa taifa ni mwisho wa Oktoba, mfadhili anaondoka Juni. Miezi minne ile ndiyo ya kupanga leo. Ongea na bosi aweke ada ya mwaka mzima kabla hajaondoka, kwa maandishi. Pili, shule mpya ina namba ya kituo cha mtihani ya NECTA, Baraza la Mitihani? Tatu, ile ya zamani imeshahamisha namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi? Isipohamishwa, mtoto bado anahesabika kwao.

Mwl. Mstaafu
Hilo la PREM ni kweli kabisa, nimeona watoto wakihangaika. Na baba Neema, kwa huyo wa rula, mwalimu hana ruhusa hiyo. Hata zamani zetu.

Baba Neema wa Goba
Nimepiga simu shule mpya. Kituo wanacho. PREM haijahamishwa, kule kwa zamani wanadai kwanza nimalizie ada ya muhula niliokatiza. Laki mbili na themanini. Hiyo bosi haijui na sitaki kumwambia. Mwl. Mstaafu, shikamoo. Kuna namna ya kuwaandikia barua nilipe kwa mafungu?

Mwl. Mstaafu
Marahaba. Ipo. Nitumie ujumbe pembeni, usiandike jina la shule hapa.