Kikundi cha Ukoo: Hadithi ya Tatu na Kivuli Chake

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Ile hadithi ya msichana Tatu anayekitafuta kivuli chake nimeimaliza. Nataka kuichapisha mwenyewe, iwe kitabu cha picha cha watoto wa miaka 4 hadi 7. Mchoraji nimeshampata, yuko tayari kuanza. Faili hiyo hapo juu, someni mniambie ukweli.

Mama: Mashallah mwanangu. Nimesoma, nikarudia tena. Hongera sana.

Bakari: Hongera dada 👏🏾👏🏾

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Hadithi ni nzuri, na Tatu nimempenda. Ila mchoraji asianze kwanza. Maneno ni mengi mno. Nimehesabu, yanakaribia 1,400. Mimi nimewasomea watoto wadogo darasani maisha yangu yote ya kazi: ukurasa mmoja ukiwa na aya tatu, wa mbele anakusikiliza, wa nyuma wameshaanza kuvutana mashati. Vitabu vingi vya picha havizidi maneno 600, na vizuri vingine havifiki hata 200.

Zuhura: Nikikata zaidi ya nusu, Shangazi, kitabaki nini?

Shangazi Rehema: Kitabaki kinachostahili kubaki, na mengine atayasema mchoraji. Angalia sentensi yako ya ukurasa wa pili: "Tatu alivaa gauni jekundu lenye mifuko miwili, akasimama kando ya mti mkubwa." Gauni mtoto ataliona. Mti atauona. Mifuko ataihesabu mwenyewe kwa kidole. Maneno yaachie kile ambacho picha haiwezi: sauti, harufu, muda uliopita, anachokiwaza Tatu moyoni.

Shangazi Rehema: Na kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika vitabu hivi. Picha inaweza kujua kitu ambacho maneno hayakijui. Pale jioni unapoandika "Tatu akatafuta kila mahali, asikione," mwambie mchoraji akiweke kivuli nyuma yake, kirefu, kimelala chini. Usikitaje kabisa. Mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja ndiye atakayekiona kwanza, na atapiga kelele "kile paleee!" Hapo msomaji ni yeye, sisi tunamfuata.

Bakari: Shangazi hii ni nzuri mno

Zuhura: Nimeelewa. Pale nilikuwa nimeandika mistari minne kueleza kivuli kiko upande gani. Naifuta yote.

Bakari: Dada, mimi ninayepanga kurasa za majarida niongeze kitu. Chukua karatasi 8 za kawaida, zipange pamoja, zikunje katikati, zipige pini kwenye mkunjo. Una kitabu cha kurasa 32. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 na wa 3 ni hakimiliki na unayemtunukia. Kuanzia 4 hadi 31 una jozi 14 za kurasa zinazotazamana, halafu ukurasa wa 32 peke yake wa kufungia. Andika maneno yako humo kwa penseli. Michoro iwe vijiti tu, inatosha.

Zuhura: Kwa nini 32 hasa? Kila ninayemuuliza anaitaja hiyo hiyo.

Mjomba Idi: Hilo ni la kwetu matbaa. Karatasi kubwa inachapwa pande mbili, inakunjwa mara kadhaa na kukatwa, na kila karatasi kubwa iliyokunjwa hivyo inatoa kurasa 8 au 16. Kwa hiyo 32 inaingia bila karatasi kupotea. 24 inawezekana, 40 inawezekana. Ukija na 30 lazima ujaze, kwa sababu kitabu cha kupigwa pini kila karatasi yake iliyokunjwa katikati inabeba kurasa 4.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Ahsante, sasa nimeelewa.

Mjomba Idi: Marahaba mpwa wangu.

Bakari: Faida kubwa ya hicho kitabu cha penseli ni kugeuza ukurasa. Kwenye faili lako umeandika "Saa sita mchana Tatu akageuka, kivuli hakipo, kumbe kiko chini ya miguu yake." Umemaliza siri kwa pumzi moja. Ivunje: "Saa sita mchana Tatu akageuka. Kivuli hakipo!" iwe ukurasa wa kulia. Mtoto ageuze mwenyewe. Upande wa pili tumwone Tatu kutoka juu kabisa, amesimama juu ya kijivuli kidogo. Bila neno hata moja.

Zuhura: Bila neno??

Shangazi Rehema: Bila neno. Bakari yuko sahihi.

Mama: Nimeiona hiyo picha kichwani tayari.

Mjomba Idi: Zuhura, huyo mchoraji mmeandikiana?

Zuhura: Tumeelewana bei na muda, Mjomba. Ni mtu mwema.

Mjomba Idi: Wema wake ndio sababu ya kuandika, msije mkagombana baadaye. Katika nchi nyingi, anayechora ndiye mwenye hakimiliki ya mchoro tangu anapouchora, hata bila kuusajili popote. Hilo la kutohitaji kusajili limo katika Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki. Kumlipa peke yake hakukupi ruhusa ya kila kitu. Andikeni: picha zitatumika kwenye kitabu cha karatasi tu au na cha simu pia? Ukitaka kukitafsiri? Ukitaka bango la Tatu? Analipwa kwa awamu zipi, michoro ya awali ikikataliwa inakuwaje, marekebisho mara ngapi. Na jina lake likae kwenye jalada pamoja na lako. Kitabu cha picha kina watunzi wawili.

Zuhura: Hilo la jalada nalikubali kwa moyo wote. Mkataba nitauandaa kabla hajaanza.

Bakari: Umpe pia vipimo mapema, kabla hajapaka rangi. Mnataka saizi gani?

Zuhura: Mraba, sentimita 21 kwa 21.

Bakari: Sawa. Basi kila ukurasa uongezewe milimita 3 pembeni, zile zitakazokatwa kiwandani, la sivyo utaona ukingo mweupe mahali ambapo picha ilitakiwa ifike mwisho. Picha ya kurasa mbili zinazotazamana itakuwa sentimita 42.6 kwa 21.6. Kwa nukta 300 kwa inchi, ambayo ndiyo ya kuchapia, ni kama pikseli 5,031 kwa 2,551. Akichora ndogo halafu mkaikuza, itakuwa na ukungu. Na uso wa Tatu usikae katikati kwenye mkunjo, utamezwa.

Mjomba Idi: Na rangi. Skrini inatoa mwanga, mashine inatumia wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ile buluu kali na kijani cha kung'aa mnachokiona kwenye simu karatasi haiwezi kukitoa. Usiidhinishe kazi kwa kutazama simu. Dai nakala moja ya majaribio iliyochapwa, uishike mkononi, uifungue nje kwenye mwanga wa mchana.

Zuhura: Kuna rafiki ananishauri nipitie Amazon, wachape nakala kila mtu anapoagiza, nisihifadhi maboksi nyumbani.

Bakari: Kwa jalada laini inafaa, wanaanzia kurasa 24. Jalada gumu kwao ni kuanzia kurasa 75, kwa hiyo lako la kurasa 32 halitawezekana hapo. Na jina halitaandikwa kwenye mgongo wa kitabu, ni mwembamba mno.

Mjomba Idi: Uchapaji wa kuagiza nakala moja moja hauna gharama ya kuandaa mabamba, yale ya chuma ya kuchapia, lakini kila nakala inabaki ghali. Ukichapa nyingi kwa mabamba, gharama ya maandalizi inagawanyika na bei ya nakala inashuka. Anza na chache, mpwa wangu. Ukishajua wanunuzi wako ni nani ndipo uchape nyingi.

Mama: Na ile namba ya nyuma ya jalada?

Bakari: ISBN, Mama, namba ya kukitambulisha kitabu. Tarakimu 13. Nchi nyingi zina ofisi ya kuitoa, na mara nyingi ni maktaba ya taifa. Jalada laini na jalada gumu kila moja linataka namba yake, na tafsiri pia.

Shangazi Rehema: Zuhura, ukimaliza kupunguza usilete humu kwanza. Sisi tunakupenda, tutasifu tu. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, awasomee watoto kwa sauti, wewe ukae kimya pembeni na kalamu. Anapojikwaa ulimi, weka alama. Watoto wanapogeuka kutazama dirisha, weka alama. Usimweleze chochote.

Zuhura: Nitafanya hivyo, Shangazi. Mchoraji nimeshamwandikia sasa hivi asubiri, amekubali. Naanza na karatasi 8 za Bakari usiku huu. Mjomba, karatasi ya ndani nimwambie mchapaji gramu ngapi?

Mjomba Idi: Gramu 150 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. Inayong'aa inarudisha mwanga wa taa machoni. Na jalada waliweke plastiki nyembamba juu, mikono ya watoto haina huruma.