Mimba changa, kaunta ya benki na mkataba ambao haujasainiwa

Mgeni_wa_Tabata
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri kwa waliopitia hii hali na naomba msinihukumu. Nina mimba ya kwanza, ultrasaundi inasema wiki ya saba, anayejua ni mume wangu tu, hata mama mkwe hatujamwambia. Shida yangu ni kazi. Nakaa kaunta ya benki, tawi la katikati ya mji, na wanaoijua hii kazi wanajua huwezi kunyanyuka tu ukaenda chooni, lazima ufunge droo, utoke kwenye sistimu, umwambie supavaiza, na foleni yote inakukodolea macho. Sasa kichefuchefu changu kinapanda kuanzia saa tatu mpaka saa sita, muda uleule wafanyabiashara wa Kariakoo wanaleta mauzo ya jana, na hela jamani zina harufu, kuna noti za wauza samaki, noti zilizolala kwenye sidiria, zamani nilikuwa sisikii chochote sasa hivi nikifungua bunda la elfu mbili mate yananijaa mdomoni. Halafu dada wa kaunta ya pembeni anajifukizia udi kila asubuhi, yeye mwenyewe hana neno ila mimi nakufa.

Mchana ndiyo usingizi. Saa nane nahesabu huku nasinzia na mnajua shoti, yaani hela ikipungua kwenye droo, unalipa mwenyewe.

Kwa nini sitaki kusema: mkataba wangu wa mwaka unaisha mwisho wa mwezi ujao na bado hawajasema kama wananiongezea, na kwetu mimba changa haitangazwi, ndivyo nilivyolelewa. Nilianza kusema tumbo limevurugika, juzi nikasema vidonda vya tumbo, visingizio vinaniishia na supavaiza ni mama wa watoto wanne, ananiangalia jicho fulani hivi. Mliopita hapa mlifanyaje?

Bunda_la_Kumi
Pole shosti na hongera kwanza. Nimekaa kaunta miaka mingi na mimba yangu ya pili niliibebea hapohapo. Kitu cha kwanza usiruhusu tumbo liwe tupu, tumbo tupu ndiyo linaita matapishi, weka biskuti kavu pembeni ya kitanda ule mbili tatu kabla hujainuka, kaa kidogo ndiyo uamke taratibu. Kazini kula kidogokidogo kila baada ya saa moja mbili, karanga, ndizi mbivu, kipande cha muhogo wa kuchemsha, weka kwenye droo ya chini na siyo ya hela. Chupa ndogo ya chai ya rangi yenye tangawizi, unaipiga mafunda madogo, usinywe kikombe kizima kwa mkupuo kitarudi chote.

Harufu za noti: VAA BARAKOA. Tangu korona hakuna anayeuliza mtu kwa nini kavaa barakoa, ukiulizwa ni mafua na vumbi la noti, basi. Ndani ya leso weka ganda la ndimu au limao ukizidiwa unanusa. Hela chafu pitisha kwenye mashine ya kuhesabia, na usilambe kidole jamani, tumia sponji.

Kingine, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 kwa hiyo ya dharura inakuwa mtihani, mimi nilikuwa natembea na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza ndani ya mkoba, kwenye daladala liliniokoa. Ukishatapika sukutua na maji tu, usikimbilie mswaki hapohapo maana ile asidi imelainisha meno, subiri kama nusu saa. Na usiingie chumba cha maikrowevu saa saba, kuna siku mtu atapasha dagaa.

Kaka_Mkubwa_TZ
Mbona mnakuza mambo, mimba siyo ugonjwa. Mke wangu alifanya kazi mpaka wiki ya mwisho na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mwambie bosi wako ukweli yaishe.

Bunda_la_Kumi
@Kaka_Mkubwa_TZ aliyekwambia mimba siyo ugonjwa hajawahi kutapika ndani ya mwendokasi ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi amesimama. Na hakulalamika KWAKO.

Nesi_wa_Kliniki
Mdogo wangu, mimi ni muuguzi, niko kitengo cha mama na mtoto. Unachopitia ni kawaida, homoni za mimba zinapanda kwa kasi kipindi hiki, kwa wengi kichefuchefu kinafika kileleni karibu na wiki ya tisa kisha kinapungua kuelekea wiki ya kumi na mbili mpaka kumi na nne, wachache kinawafuata mpaka katikati ya mimba. Maana yake huenda bado hujaona kilele, jipange. Usingizi nao ni homoni, siyo uvivu. Mwombe daktari vitamini B6, inasaidia baadhi ya watu na inatumika kwa wajawazito, ila dozi upewe siyo ujipangie. Foliki asidi usiache hata siku moja. Kama umeshapewa vile vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na vinakuzidishia kichefuchefu, jaribu kumeza usiku baada ya chakula na umwambie mtoa huduma wako, usiviache kimyakimya.

Sasa hicho kisingizio cha vidonda vya tumbo sijakipenda kabisa. Wabongo ukisema vidonda kila mtu ana dawa kwenye mkoba. Kuna dawa inaitwa misoprostol, asili yake ni ya vidonda vya tumbo, na hiyohiyo inasinyaza kizazi na kutoa mimba. Diklofenaki nazo watu wanagawana kama pipi. Usimeze kitu cha mtu. Mitishamba pia hapana. Na ukiona homa usiseme ni mimba tu, kapime malaria na uwaambie una mimba changa kabla hawajakuandikia dawa.

Ukiona damu, maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kudondoka, au siku nzima hakuna kinachokaa tumboni hata maji na mkojo umekuwa mweusi kama chai, hapo siri iweke pembeni nenda hospitali muda huohuo. Kuna mama wanalazwa na kuwekewa dripu kwa kutapika tu.

Kliniki anza kabla ya wiki ya 12, uende na mumeo mpimwe wote, VVU na kaswende, na wewe upimwe pia wingi wa damu. Ukihitaji kupumzika daktari anaweza kukupa ED, ile karatasi ya ruhusa ya kupumzika kazi, bila kutaja mimba, mwombe tu aandike unahitaji mapumziko, siyo lazima bosi asome ugonjwa wako. Na pemba, ule udongo wa sokoni, najua unakuja kuutamani, usiuguse, una minyoo na madini mabaya.

Mgeni_wa_Tabata
Nesi asante, kuna mwenzangu kweli kaniletea vidonge kwenye karatasi, nilivitia mkobani tu sijameza. Na mate je? Nateseka na mate, nameza nazidi kutapika, kutema kaunta siwezi.

Nesi_wa_Kliniki
Vitupe. Mate tafuna chingamu au kaa na kipande cha tangawizi mdomoni, chini ya barakoa hakuna anayeona. Weka leso ya pili ya kutemea.

Mtu_wa_Mikataba
Naomba niseme upande wa kazi maana naona wote mko tumboni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema taarifa ya likizo ya uzazi unampa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa hiyo wiki ya saba hudaiwi kumwambia mtu, hujadanganya, hujaficha chochote unachotakiwa kukisema. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, wakiwa mapacha 100. Kukubagua kwa sababu ya mimba ni kosa, na kumfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo hakuna uhalali.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Wewe hufukuzwi, wewe mkataba unaisha, na hapo ndipo wanapopitia waajiri wengi. Sheria inahesabu kutokuongezewa mkataba kama kuachishwa kazi pale ulipokuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezewa, na matarajio hayo ni wewe unatakiwa kuyaonyesha. Kwa hiyo anza kukusanya leo: mikataba ya nyuma kama ilishaongezwa, tathmini za utendaji, imeili za bosi anakupangia kazi za miezi ijayo au kozi ya mwakani. Piga picha, weka nyumbani, usiweke kwenye kompyuta ya ofisi.

La pili, na najua halitapendwa. Ukificha kabisa kabisa, siku wakikuacha ukasema ni kwa sababu ya mimba, watajibu "mimba gani, hatukujua" na kweli hutakuwa na karatasi. Ulinzi wa sheria unafanya kazi vizuri zaidi kama walijua, na walijua kwa maandishi. Mimi ningekuwa wewe ningeandika imeili fupi kwa HR, ya siri, kabla hawajaamua. Wakikugeuka una siku 30 tu kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, usikae kulia mpaka zipite.

Shangazi_Realist
@Mtu_wa_Mikataba kwenye karatasi uko sawa, sasa twende mtaani. HR akishajua, meneja wa tawi anajua mchana huo, na jina lake linatolewa kwenye listi kwa sababu nyingine nzuuuri tu, "kupunguza gharama". Atashinda CMA baada ya muda gani, na mtoto ameshakaa? Anyamaze, asaini kwanza, akishasaini ndiyo apeleke cheti. Sheria hiyohiyo umesema inampa muda.

Mtu_wa_Mikataba
Sikatai shangazi, ni kamari pande zote mbili. Mimi nasema tu aijue kamari anayoicheza. Kama tawi lina historia ya kuwaacha wajawazito, maandishi yanamsaidia. Kama lina kina mama wengi waliotoka likizo wakarudi kazini, anaweza kusubiri saini kwa amani.

Mwanamvita_254
Pole dada, mie niko Mombasa, mimba yangu ilinikuta risepshen ya hoteli, kazi ya kusimama na kucheka na wageni huku moyo wachafuka. Huku kwetu likizo ni miezi mitatu na notisi unapeana siku saba kabla, lakini hiyo ni ya baadaye. Kilichonisaidia nilimwambia mtu MMOJA, mwenzangu wa shifti, yeye akawa ananishikia deski nikikimbia. Bila yeye ningeacha kazi wallahi. Wewe hapo unaye mtu?

Shangazi_Realist
Mtu mmoja ofisini ndiyo redio yenyewe.

Mwanamvita_254
Inategemea mtu bwana, wako watu wa kusitiri.

Mgeni_wa_Tabata
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Tawi letu nimefikiria nikakuta wapo wawili waliorudi baada ya likizo ya uzazi na mmoja amepanda cheo kabisa, lakini wote walikuwa ajira ya kudumu, wa mkataba sijaona hata mmoja. Kwa hiyo sijui nilihesabu la kheri au la shari. Mume wangu yuko upande wa @Shangazi_Realist, mimi nimeanza kuelekea kwa @Mtu_wa_Mikataba. Nitasubiri kipimo cha wiki ya 12, bado mkataba utakuwa na siku kadhaa, nikiona mtoto yuko salama naandika.

Barakoa nimeanza leo na imesaidia sana harufu ya noti, udi bado unapenya. Supavaiza amebadilisha mpangilio wa kaunta, mimi nimepelekwa ya mwisho kule karibu na mlango wa nyuma, hajasema kwa nini na mimi sijauliza 😅

La mwisho niwaache: tumbo bado halionekani ila limejaa gesi na sketi ya sare inanibana mpaka kifungo kinaacha alama. Nimwombe kaka wa stoo sare ya saizi nyingine?

Bunda_la_Kumi
Wee! Mtu wa stoo ndiye wa kwanza kujua mimba zote za tawi kabla hata ya HR. Chukua mpira wa nywele, upitishe kwenye tundu la kifungo, uuzungushe kwenye kifungo chenyewe, juu vaa koti. Utakusogeza miezi miwili.

Mwanamvita_254
Na huyo supavaiza wa watoto wanne ashajua zamani 😂