"Kuzuia" kwa Kiingereza: prevent, avoid, stop au avert?

mpambe_wa_maneno
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa sentensi tatu za kipeperushi cha malaria. Kiswahili chake: "Chandarua huwakinga watoto na malaria", "Unaweza kuzuia mbu wasiingie ndani", "Mvua iliwazuia wafanyakazi wasipulize dawa ukutani". Rasimu ya Kiingereza inasema:

Nets prevent children from malaria.
You can avoid mosquitoes to enter the house.
The rain prevented the workers from not spraying the walls.

Nahisi zote zina kasoro. Kosa hasa liko wapi?

Kipimajoto
Nianze na ya tatu, maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinatuponza zaidi. Sisi tunakanusha kitenzi cha pili: iliwazuia *wasi*pulize. Kwa Kiingereza ukanushi huo umeshabebwa na "prevent" pamoja na "from". Ukiweka "not" umesema mvua iliwazuia wasiache kupuliza, yaani walipuliza! Futa "not", basi: The rain prevented the workers from spraying the walls.

Ya kwanza: "kukinga" kwetu hufanya kazi mbili. Tunamkinga mtoto, na tunakinga ugonjwa. Kiingereza kimezigawa. Anayelindwa huenda na "protect": Nets protect children from malaria. Baya lisilotakiwa huenda na "prevent": Nets prevent malaria. Ukitaka "prevent children from", lazima lifuate tendo la mtoto mwenyewe, mfano "from getting malaria". Jina tupu la ugonjwa halikai hapo.

Ya pili: "avoid" ni kuepuka, na anayeepuka ndiye mwenye tendo. "Avoid sitting outside at night" ni sawa kwa sababu mkaaji ni wewe. Mbu wakiingia, tendo ni lao, kwa hiyo: You can stop mosquitoes from entering the house. Kizuri zaidi kwa kipeperushi: Keep mosquitoes out of the house. Na "avoid" haifuatwi na "to" hata siku moja.

Bi_Nahau
Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Waingereza huidondosha "from" baada ya stop na prevent: "stop them entering". Wamarekani kwa kawaida huibakiza. Ila katika kauli ya kutendwa haiondoki popote: They were prevented from entering.

Kwa "keep" usiiguse kabisa. "Keep the children waiting" ni kuwafanya waendelee kungoja. "Keep the children from waiting" ni kuwazuia wasingoje.

Angalia pia "stop to smoke": mtu amesimama ili avute. Aliyeacha sigara ni "stopped smoking". Kwenye maandishi ya afya hilo linageuza ujumbe wote.

mpambe_wa_maneno
Asanteni sana. Na "hinder" na "avert"? Kamusi zinanipa "zuia" kote.

Kipimajoto
Hinder ni kutatiza. "The rain hindered the spraying": walipuliza, lakini kwa taabu au kwa kuchelewa. "The rain prevented the spraying": hakuna ukuta uliopulizwa. Ukizichanganya kwenye ripoti, idadi ya nyumba itakusuta.

Avert ni kuepusha balaa lililokaribia: avert a disaster, avert a strike. Huchukua tukio, halichukui mtu, na hakuna "avert them from entering". Kwenye ripoti za afya utakutana na "deaths averted", vifo vilivyoepushwa.

Bi_Nahau
Na tofauti ya prevent na stop iko kwenye wakati. Prevent imetoka Kilatini, praevenire, kutangulia. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1662 kina "Prevent us, O Lord", maana yake ututangulie, wala si utuzuie. Maana hiyo ya kale imekufa, ila wazo la kuwahi limebaki: prevent ni kabla jambo halijaanza. Damu ikishatoka, ni "stop the bleeding", na sisi bado tunasema kuzuia damu.

Tahajia: prevented ina t moja, hindered r moja, lakini deterred ina r mbili na forbidden d mbili. Preventive na preventative zote sahihi. Chagua moja uishikilie kipeperushi kizima.